Nyumba Anayo Mgongoni, Mjengeeni Nchi

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Jumapili kwenye mkutano wa familia zetu za Waswahili hapa Reading, Uingereza. Wengi hamkuweza kufika kwa sababu ya baridi na treni, kwa hiyo nimeyaandika kama nilivyoyasema, pamoja na fujo za watoto.

Wazee wangu, shikamooni. Dada zangu, kaka zangu, habari za baridi? Na nyinyi wanangu mliokaa chini hapa mbele, mnanisikia? Haya, nitaanza na nyinyi.

Kitendawili!

(Watoto: Tega!)

Natembea na nyumba yangu mgongoni.

Nimesikia konokono. Nimesikia kobe. Nimesikia na mtu mzima kule nyuma akisema "mpangaji wa London", huyo nitaonana naye kwenye chai. Jibu la leo ni kobe. Konokono naye ana haki yake, atapewa siku nyingine.

Mwenyekiti ameniomba nizungumze kwa sababu tangu Krismasi familia tatu za humu ndani zimenunua kobe, na zote tatu zimenipigia simu mimi, kwa vile mimi ni seremala. Na simu zote tatu zilianza kwa maneno yaleyale: "Fundi, nataka unitengenezee nyumba ya kobe." Nikawa nawajibu, kobe nyumba anayo! Kazaliwa nayo, atakufa nayo, halipi kodi wala halali nje. Nyumba ya nini tena? Anachokosa kobe wa sebuleni ni nchi. Nchi yenye jua lake, udongo wake, kivuli chake na mpaka wake. Sasa kazi yetu mimi na nyinyi ni kuitia nchi hiyo ndani ya futi sita kwa mbili, kando ya kochi, na nje theluji inaanguka.

Kwanza tujue tunamzungumzia nani. Wanaouzwa hapa zaidi, wale wadogo, ni kobe wa Hermann, ambaye kwao ni kusini mwa Ulaya, kuanzia Hispania hadi nchi za Balkani, na kobe wa Horsfield, ambaye kwao ni nyika kavu za Asia ya Kati, Kazakhstan na Uzbekistan huko. Wakishakua, wote wanaenea kwenye sahani ya wali. Wakati wa kiangazi, jua likiwaka, mahali pao ni nje bustanini, tena nje ni bora kuliko meza yoyote nitakayoichonga mimi. Lakini kitoto cha kobe, na kobe yeyote katika ile miezi ambayo hapa jua linachungulia tu kama mdai deni, huyo anahitaji nchi ya ndani.

Wanangu, huyu kobe wa Horsfield msimdharau. Mnajua nani walitangulia kuuzunguka mwezi? Septemba 1968 Wasovieti walirusha chombo kinachoitwa Zond 5, na ndani yake walikuwamo kobe wawili wa nyika, ndugu wa huyu wa Horsfield. Wakauzunguka mwezi, wakarudi wazima, wamekonda kidogo, wakatua wapi? Bahari ya Hindi! Bahari yetu sisi! Binadamu wa kwanza kuuzunguka mwezi walikwenda Desemba ya mwaka huohuo. Kwa hiyo mtu akikuambia kobe ni mzembe, mwambie alitangulia mwezini miezi mitatu.

Haya. Nchi ina mpaka. Tuanze na mpaka.

Kobe wetu wa kwanza aliingia nyumbani miaka tisa iliyopita. Mfanyakazi mwenzangu alikuwa anahama, akaniachia. Binti yangu akampa jina Mwendapole, kwa ile methali ya mwenda pole hajikwai. Nikaenda dukani, na kijana wa duka akaniuzia tangi la kioo, zuri, linang'aa, lina na mfuniko wake. Nililipa pesa ambayo sitaitaja mbele ya mke wangu. Mimi seremala, nimekulia Tanga kwenye karakana ya baba, nikaenda kununua sanduku la kioo. Ndivyo mtu anavyologwa na kung'aa.

Siku ya kwanza Mwendapole alitembea mpaka kwenye kioo, akasukuma. Akakwaruza kwa makucha, kwaru, kwaru, kwaru. Akageuka, akaenda kioo cha pili: kwaru, kwaru, kwaru. Tukasema anafurahi, anafanya mazoezi. Siku ya pili, kwaru, kwaru. Siku ya tatu, kwaru, kwaru. Wiki ya pili pua imechubuka, na mke wangu anasema, "Huyu hachezi. Huyu anatafuta njia."

Nani hapa hajawahi kumwona nzi dirishani? Nzi haelewi kioo ni nini. Na kobe haelewi kioo ni nini. Anaona kochi, anaona mlango, anaona miguu ya watu inapita, na macho yake yanamwambia njia iko wazi. Basi atasukuma leo, atasukuma kesho, atasukuma mwaka mzima. Lakini mwekee ukuta wa ubao asioweza kuona ng'ambo yake, akifika pale anajua kafika mwisho wa dunia, anageuka kwa amani na kwenda zake kutafuta majani.

Tena tangi lina ila nyingine. Kuta zake ni ndefu na juu pamefunikwa, hewa haitembei. Ukiwasha taa ya joto, tangi zima linapata joto mamoja, kama daladala ya saa nane mchana. Hakuna upande wa kukimbilia. Kobe hatoi jasho wala hana damu ya joto kama yetu. Joto la mwili wake analitafuta kwa miguu: akitaka kupashika anakwenda juani, akitosheka anarudi kivulini. Ukimnyima upande wa baridi, umemnyima namna pekee aliyonayo ya kujiponya na joto.

Ndiyo maana wafugaji wakatengeneza kitu ambacho Waingereza wanakiita meza ya kobe. Ni sinia kubwa la mbao: sakafu, kuta nne, juu wazi, miguu chini. Basi. Mnaiona hii hapa mbele, na nitawaambia nilivyoikata, kalamu zikae tayari.

Nilinunua plaiwudi moja tu, ile ya kawaida ya futi 8 kwa 4, unene milimita 18. Nikakata kipande cha futi 6 kwa 2, hiyo ndiyo sakafu. Pembeni yake kimebaki kipande kingine cha futi 6 kwa 2. Hicho nikakipasua kwa urefu, nikapata kuta mbili ndefu za futi moja kwenda juu. Kule mwisho kimebaki kipande cha futi 4 kwa 2. Humo nikatoa kuta mbili fupi, na bado nimebaki na mraba wa futi 2 kwa 2. Huo ni wa kijibanda cha kujificha, na wa vile vipembe vinne mnavyoviona vimefunika kona kwa juu. Msisahau kwamba msumeno nao unakula, milimita mbili tatu kila unapopita. Pimeni baada ya kila mkato. Msipime vyote mwanzo halafu mkanilaumu.

Kwa nini vipembe vya kona? Kwa sababu kobe anapanda! Msidanganywe na hadithi za sungura na kobe. Ukutani katikati hawezi, lakini kwenye kona anatia mguu huku na mguu huku, anajivuta kama mtoto anayepanda mnazi. Akifika juu anaanguka, ama nje sakafuni, ama ndani chali. Na kobe aliyelala chali chini ya taa ya joto hana muda mrefu. Kwa hiyo kona zifunikeni, na msiweke jiwe la kupandia chini ya taa likiwa karibu na ukuta.

Ndani, kabla ya udongo, mbao lazima zikingwe na maji. Mimi nimetandika nailoni nene, ile ya kutandikia vidimbwi vya bustani, kipande kimoja kisicho na mshono, nikakipandisha ukutani mpaka juu ya usawa wa udongo na kukibana kwa vipande vyembamba vya ubao. Wapo wanaopaka rangi. Sawa, ila rangi iwe ya maji, na iachwe siku nyingi mpaka harufu iishe kabisa, kwa sababu kobe anaishi pua yake ikiwa sentimita mbili kutoka sakafuni.

Na sasa aibu yangu. Meza yangu ya kwanza niliiwekea miguu kama ya meza ya chai, myembamba, imepigwa randa vizuri, kila mgeni anaisifu. Nikamimina udongo. Hebu tupige hesabu pamoja: futi 6 kwa 2, udongo sentimita 10 kwenda juu. Hizo ni zaidi ya lita 110. Udongo uliochanganywa na mchanga, tena una unyevu, unapita kilo 100 bila taabu. Mimi, seremala wa miaka thelathini, sikupiga hesabu hiyo. Saa nane za usiku tukasikia mshindo, mke wangu akadhani ni wezi. Tukashuka: meza imepiga magoti kama ngamia, udongo umefika jikoni, na Mwendapole yuko chini ya televisheni, mzima, ametulia, anatutazama kama hakimu. Tangu siku ile miguu ya meza zangu ni mbao za inchi 2 kwa 4, sita, si minne. Cheka tu, mama, lakini wewe utafanya minne na utanipigia simu.

Jambo la pili ni jua. Na hapa naomba simu ziwekwe mfukoni, kwa sababu hapa ndipo kobe wengi wanapofia.

Jua lina kazi mbili, na watu wanadhani ni moja. Kazi ya kwanza ni joto. Kazi ya pili ni ile miale isiyoonekana kwa macho, inayoitwa UVB. Joto bila miale hiyo halitoshi, na miale hiyo bila joto haitoshi.

Joto kwanza, maana ni jepesi. Upande mmoja wa meza tundikeni taa ya joto, chini yake wekeni jiwe bapa. Juu ya jiwe lile, kwenye usawa wa mgongo wa kobe, tunataka nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi. Upande wa pili wa meza, kule kwenye kijibanda, tunataka nyuzi 20 au 22 tu. Usiku taa zote zimezimwa, giza, kama Mungu alivyopanga. Na pimeni! Mimi nilikuwa natundika kipimajoto ukutani, juu, penye kuonekana vizuri na wageni. Kinasoma 28, nafurahi. Siku nilipokiweka chini kwenye jiwe kikasoma 43. Nilikuwa namkaanga mnyama wa watu. Fundi mwashi ana timazi, nanyi timazi yenu ni kipimajoto, na mahali pake ni chini anapolala kobe. Taa ikizidi, pandisheni juu. Ikipungua, shusheni. Kuna na kifaa cha kuizima na kuiwasha chenyewe, thamostati, ni pesa nzuri kuitumia. Na taa ining'inizwe kwa mnyororo na kishikio cha chuma. Isining'inie kwa waya wake wa umeme hata siku moja, maana chini yake kuna mbao na majani makavu, na juu wamelala wanenu.

Sasa miale. Hebu niwaulize. Nani hapa, alipokwenda kwa daktari mara ya kwanza katika nchi hii, aliambiwa ameze vitamini D? Nyoosheni mikono. Mnaona? Ukumbi mzima! Na kwa nini? Kwa sababu ngozi zetu zimezoea jua la Mombasa na Bagamoyo, na jua la hapa, kuanzia Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi, halina miale ya kutosha kuifanya ngozi itengeneze vitamini hiyo. Ndiyo maana wakasema mikrogramu 10 kila siku, na kwa sisi wenye ngozi nyeusi wanashauri mwaka mzima. Bila vitamini D mwili hauwezi kuchukua kalisiamu kutoka kwenye chakula, na mifupa inalegea. Kule kwetu, mtoto akikosa hayo, tunasema ana nini?

(Akina mama: Matege!)

Matege. Na kobe anapata matege. Tena yeye ni vibaya zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya mwili wake ni mfupa: lile gamba ni mbavu na uti wa mgongo wake vimeunganika.

Dada mmoja, hayupo leo na ameniruhusu nisimulie, alimweka kobe wake kwenye beseni dirishani. Dirisha linatazama kusini, jua linaingia vizuri, kobe anaota jua kutwa. Alifanya kwa mapenzi kabisa. Baada ya miezi saba kobe anatembea kwa kuburura tumbo. Ukimshika gamba, linabonyea kama ganda la yai lililochemshwa. Taya limelegea hata jani hawezi kukata. Mganga wa wanyama akampiga picha ya eksirei, mifupa imefifia kama moshi. Dada analia, "Lakini alikuwa juani kila siku!" Mganga akamjibu, "Alikuwa nyuma ya kioo kila siku." Kioo cha dirisha kinapitisha mwanga, kinapitisha joto, lakini miale ya UVB kinaizuia karibu yote. Kobe yule alipona kwa dawa na taa, anatembea, ila gamba halikurudi sura yake.

Kwa hiyo nunueni taa ya UVB. Iliyo nzuri ni ule mrija mrefu, utundikwe sambamba na taa ya joto ili kobe akija kuota apate vyote viwili mahali pamoja, kama jua lenyewe. Kati ya mrija na kobe kusiwe na kioo wala plastiki. Umbali uandikwao kwenye boksi ufuateni. Iwake saa 12 kwa siku. Na kila baada ya mwaka mmoja ibadilisheni, hata kama bado inawaka. Nasema tena, hata kama bado inawaka! Mwanga unaouona wewe unabaki, miale usiyoiona inakwisha kimyakimya. Andikeni tarehe kwa kalamu ya wino kwenye mrija wenyewe siku mnayoufunga. Mimi naandika na jina la mwanangu aliyenikumbusha, ili nijue wa kumlaumu.

Tatu ni udongo na maji.

Watu wana imani kwamba kobe ni mnyama wa jangwani na maji yatamuua. Na nyumba za hapa, heater zikiwashwa kuanzia Novemba, hewa inakauka mpaka midomo inapasuka. Mkiunganisha imani ile na hewa hii, mnapata kobe mwenye vichuguu. Mmewahi kuwaona? Badala ya gamba laini la mviringo, kila kigae cha gamba kimeinuka peke yake kama kichuguu cha mchwa. Zamani waliambiana sababu ni chakula chenye protini nyingi. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Vienna, Wiesner na Iben, walilea watoto wa kobe wa Afrika, wale wakubwa wa pembezoni mwa Sahara, wengine kwenye hewa kavu na wengine kwenye hewa yenye unyevu, wakiwapa protini kwa viwango tofauti. Waliokaa pakavu ndio waliota vichuguu virefu. Protini ilichangia kidogo tu.

Fikirieni mtoto wa kobe kwao anaishi wapi. Haketi juu ya changarawe mchana kutwa. Anajichimbia chini ya vichaka, mahali ambapo udongo una ubaridi na majimaji. Juu pakavu, chini pabichi. Basi na meza iwe hivyo. Mimi nachanganya udongo wa bustani usiotiwa mbolea wala dawa, mafungu matatu, na mchanga wa watoto wa kuchezea, mafungu mawili. Sentimita 10, na kwa wa Horsfield ongezeni, huyo ni mchimbaji wa kweli, mkimnyima udongo atachimba zulia. Kila siku mbili tatu mwageni maji kwenye kona moja ya upande wa baridi, yajipenyeze chini, juu pabaki pakavu. Pasiwe tope, maana tope linaozesha gamba kwa chini. Vumbi la mbao la karakana yangu msiniombe, siwapi: linakausha, na kobe atalila. Ule mchanga wa choo cha paka, usiuseme kabisa.

Sahani ya maji iwe ile ya kuwekea chungu cha maua, pana na isiyo na kina, ili aingie na kutoka. Na watoto wa kobe waogesheni kila siku, wakubwa mara moja mbili kwa wiki: maji ya uvuguvugu, yamfike kidevuni na si zaidi, dakika 15 au 20. Hapo ndipo anapokunywa, na hapo ndipo anapochafua, kwa hiyo beseni liwe la kwake. Beseni la kukandia unga liacheni! Nanyi wanangu, mkimshika kobe, mikono kwa sabuni kabla hata ya kujikuna pua. Kobe anaweza kubeba salmonela, vijidudu vya kuharisha, akiwa mzima kabisa. Marekani, tangu 1975, hawaruhusu kuuza kobe mwenye gamba lililo chini ya inchi 4 kuwa wa kufugwa, kwa sababu watoto walikuwa wanawatia mdomoni.

Chakula nitapita haraka. Magugu. Yale ya maua ya njano yanayoota kila uwanja hapa, ambayo mbegu zake mnazipuliza, ni ukoo mmoja na mchunga wetu wa pwani. Bibi zetu wangekula na kobe sahani moja. Matunda hapana, mkate hapana, chakula cha paka hapana. Kwa kalisiamu, ule mfupa mweupe mwepesi wa dome tuliokuwa tunauokota ufukweni unauzwa hapa kwenye maduka ya ndege, na mimi kila nikiulipia roho inaniuma.

Kobe mmoja kwa meza moja, jamani. Najua mtasema atakuwa mpweke. Kobe si mbuzi. Ukimwona mmoja amelala juu ya mwenzake msiseme wanapendana, anamnyang'anya jua.

La mwisho linanipa uzito kidogo. Mwezi uliopita jamaa yangu mmoja alinipigia simu kutoka nyumbani, anakuja kututembelea. Anasema, "Fundi, hizo pesa za kununua kobe huko za nini? Hapa kuna wadogo, bapa kabisa, wanakaa kwenye nyufa za mawe. Nitamfunga kwenye taulo ndani ya begi."

Nikanyamaza kidogo. Yule anayemsema namjua. Ni kobe bapa wa miamba ya Kenya na Tanzania, na kidogo kaskazini mwa Zambia. Gamba lake jembamba na linanyumbuka. Ukimgusa hajifichi ndani ya gamba kama wengine, anakimbia, anajipenyeza kwenye ufa wa jiwe na kujikaza humo. Kwa kawaida anataga yai moja tu kwa mara moja. Yai moja! Mkiwaokota kumi katika kilima kimoja, kilima kile kimekufa. Wamechukuliwa kwa miaka mingi kupelekwa Ulaya, Marekani na Asia, mpaka mwaka 2019 CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, ukamweka kwenye orodha ya kwanza, ile ya wanaokatazwa kufanyiwa biashara wakiwa wametoka porini. Tanzania ilifunga usafirishaji wa wanyamapori hai 2016. Kenya ina sheria yake ya wanyamapori ya 2013, na kuwa na mnyama wa porini bila kibali ni kosa, hata akiwa uani kwako. Nikamwambia jamaa yangu, lete karafuu, lete dagaa, lete kanga za mama. Kobe mwache kwenye jiwe lake.

Na hapa pia ulizeni karatasi. Kobe wa Hermann hauzwi bila cheti chake, na akishafika urefu fulani lazima awe na chipu ndogo chini ya ngozi. Zamani waliletwa hapa kwa malaki kwenye meli kutoka Mediterania, wamepangwa kama matofali, wengi wakafa njiani au majira ya baridi ya kwanza. Biashara ile ilifungwa 1984. Wa leo wanatakiwa wawe wamezaliwa mikononi mwa wafugaji. Muuzaji akikuambia cheti kitakuja baadaye, muage kwa adabu. Na nyinyi mliokwisha kumwona kobe mkubwa wa kisiwa cha Changuu pale Unguja mkatamani, wale mababu zao waliletwa kutoka Ushelisheli 1919, na mmoja wao angekalia hii meza yangu ikawa ubao wa kukatia vitunguu.

Kuna mama ameniuliza kabla hatujaanza, kobe anaishi miaka mingapi. Mama, hamsini si ajabu, na wapo wanaozidi. Maana yake huyu aliyenunuliwa Krismasi kwa ajili ya kijana wako wa miaka tisa atakuwapo kijana akiwa babu. Kwa hiyo skrubu zifungeni, misumari peke yake haitoshi.

Nimeleta plaiwudi tatu, zimekatwa tayari kwa vipimo nilivyosema, ziko nyuma kwenye gari. Zile familia tatu mnajijua. Miguu ni sita kila meza, nimehesabu mwenyewe. Sasa vijana wanne wenye nguvu njooni mnisaidie kuirudisha hii ya mbele nyumbani, Mwendapole anaingojea. Msiogope, udongo nimeshautoa.